Miguu ya Titus Osundwa

Sindano ilikuwa imeshajazwa. Nesi Onesmus alikuwa na mazoea hayo: akimwona tu Patroba kwenye benchi la nje, huvunja chupa, huvuta ile dawa nzito ya mafuta na kuilaza kwenye trei chini ya kitambaa, ili mgonjwa akiingia asipate nafasi ya kubadili nia. Mara hii alivuta dawa nyingi kuliko ya mwezi uliopita, kwa kuwa Patroba alikuwa ameshapita mlangoni kunong'ona kwamba ndugu yake bado anasumbua.

Hivyo ndivyo kliniki ya Alhamisi ilivyoendeshwa katika kituo hicho cha serikali pembeni mwa mji wa Kakamega, mwaka huo wa tisini na sita. Mgonjwa wa akili haongei, anayeongea ni aliyemleta. Mgonjwa husimamishwa nje juani, kashikwa mkono, na kaka au mjomba wake huingia kutoa habari. Akisema ametulia, dawa inaendelea. Akisema anasumbua, dawa inaongezwa. Chumba cha pili, mtoto mchanga mwenye homa alipapaswa tumbo na kuchunguliwa macho, lakini mtu mzima mwenye ndevu zake na shamba lake alikatiwa shauri akiwa nje, kama ng'ombe wa mnada.

Pascalia Awinja, tabibu wa magonjwa ya akili, alikuwa mgeni kituoni. Watu walimwita daktari naye alishachoka kuwasahihisha. Muda mfupi kabla hajaja, wilaya ilikuwa imetuma waraka kuhusu dawa hizi: mgonjwa yeyote asiongezewe bila kuonwa na kuulizwa yeye mwenyewe. Onesmus aliubandika ukutani vizuri, kwa gundi, kisha akaendelea kujaza sindano zake.

Patroba aliingia na koti lake la kazi begani. Alikuwa mpimaji wa miwa katika kiwanda cha sukari, mtu wa sauti nzito, mkubwa wa kuzaliwa na mkubwa wa kila baraza la ukoo wao huko Matungu. Nyuma yake aliingia Gentrix, mke wa mgonjwa, akaketi kwenye ncha ya kiti na mkoba wake magotini.

"Daktari, sisi hatuna maneno mengi," Patroba alisema. "Jumamosi tuna wageni. Watu wa Iguhu wanakuja kuongea mambo ya ndoa ya Mildred, msichana wa huyu ndugu yangu. Baba wa msichana lazima akae pale mbele, wamwone. Na huyu hakaangi. Tangu Pasaka anatembeanga tu, anazunguka nyumba mpaka nyasi imekwisha. Sasa muongezee ile sindano akae. Siku moja tu, hata kama ni ya kulala baadaye, si mbaya."

"Wakimwona vile itakuwa nini?"

"Watasema ni kitu cha damu. Watachukua kofia zao waende. Na wakienda hao, nani mwingine atakuja?"

Gentrix aliinamisha kichwa. Mildred, alisema kwa sauti ndogo, alikuwa mwalimu wa chekechea na alimpenda huyo kijana wa Iguhu kweli. Wiki nzima alikuwa hajala vizuri.

"Mlete ndani," Pascalia alisema.

"Daktari, huyu ukimleta ndani atakusumbua bure. Mimi ndiye najua mambo yake."

"Mlete, Mzee."

Titus Osundwa alikuwa mrefu, mwenye shati safi lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alisalimu kwa adabu. Alipoonyeshwa kiti aliketi, akainuka, akaketi tena, magoti yakaanza kupanda na kushuka, kisha akainuka kabisa na kusimama nyuma ya kiti akihamisha uzito mguu huu hadi ule. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye mdomo wa juu. Onesmus alimtazama Pascalia kwa jicho la kusema unaona mwenyewe, akasogeza trei.

"Titus, kwa nini huwezi kukaa?"

"Ni ule ugonjwa," Patroba alijibu. "Unarudi."

"Nimemuuliza yeye."

Titus alimwangalia kaka yake kwanza, kama anayeomba ruhusa. Ilichukua muda. Pascalia alisikia watu wakikohoa nje, akajua wanamsubiri, akajizuia asimharakishe.

"Miguu ndiyo inataka," Titus alisema mwishowe. "Mimi sitaki."

"Inataka nini?"

"Kwenda. Nikikaa ni kama siafu wako ndani ya mifupa. Nikitembea wanapungua. Hata kanisani nasimamanga nje, dirishani."

"Na zile sauti za zamani?"

"Ile ilikuwa inaniambia nichome miwa ilinyamaza. Sindano za kwanza kwanza tu, ikanyamaza. Haijarudi."

"Na hii ya miguu ilianza lini?"

"Walipoongeza. Nikaanza kutembea kidogo. Wakasikia natembea, wakaongeza tena. Sasa ndio hivi."

Gentrix alifungua mkoba, akatoa akala na kuziweka mezani. Zile za tairi, ambazo mtu huzivaa mpaka azichoke yeye kabla hazijaisha. Visigino vilikuwa vimeliwa, na wayo wa kulia ulikuwa na tundu la kupitisha kidole.

"Alinunua Krismasi," alisema. "Nilizibeba niwaonyeshe, lakini sikujua nitamwonyesha nani."

"Kwa nini hukusema, Titus?" Pascalia aliuliza.

"Nasimamishwanga pale nje," Titus alijibu, wala hakusema kwa kulaumu.

Pascalia alipandwa na hasira, kisha hasira ikageuka hofu. Jambo hili alilisoma darasani. Dawa hizi zikizidi, kuna watu ambao mwili wao hukosa utulivu kabisa, na asiyejua hudhani wazimu umerudi, akaongeza ileile inayowatesa. Tofauti ni kwamba darasani hakukuwa na miwa. Miaka michache nyuma, kabla hajaanza kutibiwa, Titus alikuwa amewasha shamba lake mchana wa upepo. Moto uliruka mpaka kwa jirani, bibi mmoja na wajukuu wake wakatoka nyumbani nywele zikinuka moshi. Kila mtu Matungu alikumbuka. Dawa ndiyo iliyomrudisha Titus kwa watu, hilo halikuwa na ubishi, na Pascalia akikosea sasa kwa kupunguza, moto mwingine ungekuwa wake.

"Una pumu?" alimuuliza. "Kifua hakikubani?"

"Hapana."

Alimpima mapigo ya moyo, akampima presha. Mkono wa Titus ulikuwa ukitetemeka ndani ya wake, na miguu ikapiga hatua papo hapo sakafuni mpaka kipimo kilipotolewa.

"Sindano hii hatadungwa leo," alisema.

"Madam, imeshajazwa," Onesmus alisema.

"Imwage."

Onesmus hakusogea. Kumwaga dawa ya serikali ni jambo zito kwa mtu aliyewahi kuona miezi ambayo kabati lilikuwa na mabuibui peke yake. "Madam," alisema taratibu, "huyu tunamjua. Hukuwapo alipoletwa hapa amefungwa kamba."

"Sikuwapo. Na simwachishi dawa. Ya mwezi uliopita bado imo mwilini, haiishi kesho. Akirudi wiki mbili zijazo tutampa kiasi kile cha mwanzo, kilichonyamazisha sauti. Sasa nenda chumba cha presha uniletee zile tembe ndogo za kutuliza moyo. Zinatulizanga na miguu kama hii."

Patroba alikuwa amesimama. Sura yake ilikuwa imebadilika, na Pascalia aliona kwamba yule bwana haogopi aibu peke yake, anamwogopa ndugu yake kweli.

"Nimekuja na mtu anatembea, unampunguzia dawa," alisema. "Tena unampa dawa ya presha. Sawa. Mimi ndiye nilizima ule moto kwa matawi, daktari, siyo wewe. Jumamosi akituaibisha nitasema jina lako mbele ya wageni. Na hata hivyo kule kwetu kuna duka wanauzanga dawa ya kutuliza bila maswali."

"Usimpe kitu kingine juu ya hizi. Nakuomba."

"Basi kuja mwenyewe ukae na sisi, uone unachofanya."

"Nitakuja," Pascalia alisema, na neno lilishamtoka kabla hajalifikiria.

Ijumaa ilimwendea vibaya. Alihudumia watu huku akili iko Matungu. Tembe zile humfaa mmoja haraka, mwingine pole pole, mwingine hata kidogo, na hakuwa na njia ya kumjua Titus ni yupi. Aliona haya pia. Kila alipopita ule waraka ukutani alijiuliza ni wangapi kwenye benchi lile wanaosemwa kwamba wanasumbua, kumbe wanasumbuliwa na kliniki yenyewe.

Jumamosi alifika mapema. Boma lilikuwa limefagiwa mpaka udongo ukang'aa, na kuizunguka nyumba palikuwa na njia nyembamba isiyo na jani hata moja, iliyochimbwa na miguu ya mtu mmoja. Mtu alikuwa amejaribu kuifunika kwa nyasi kavu. Gentrix alimwingiza jikoni, kwenye moshi na sufuria za obusuma, ugali wa kwao, ambako wanawake walikuwa wakinyonyoa ingokho wa wageni.

"Jana alikaa, akamaliza chakula sahani nzima," Gentrix alimnong'oneza. "Halafu akatembea tena. Lakini siyo kama siku zote. Leo asubuhi sijui. Nikimwangalia najiona mimi ndiye naugua."

Mildred alikuwa pembeni akimenya vitunguu, macho mekundu ambayo huenda ni ya vitunguu.

Patroba alikuja mlangoni, amevaa koti la suti. Alimwita Pascalia kando, akafungua mfuko wa koti kidogo tu. Ndani palikuwa na chupa ya kahawia.

"Nimekwambia ukweli tangu Alhamisi, na leo nakwambia tena," alisema. "Mimi ndiye namimina chai yake. Akiinuka mara moja kabla wageni hawajamaliza, hii inaingia kwenye kikombe. Muuzaji amesema kijiko kimoja tu, mtu analala kama mtoto."

Pascalia alimsogelea. "Mzee, hiyo ikikutana na zile tembe presha itashuka. Ataanguka mbele ya watu. Anaweza asiamke."

"Mtu akianguka watasema ni malaria. Akitembea watasema ni kichaa."

"Nipe hiyo chupa."

"Kaa na wanawake, daktari. Hapa siyo kliniki."

Akaenda zake. Pascalia angeweza kupiga kelele, na kelele hizo zingemaliza ndoa ya Mildred kabla wageni hawajashuka kwenye gari. Alichagua kigoda kilichokuwa mkabala na mlango wa sebule. Kutoka pale, ng'ambo ya ua, aliiona meza, na chini ya meza aliiona miguu ya Titus ndani ya viatu vyeusi vya kuazima.

Wageni waliketi. Mzee wao aliitwa Shikanga, mkavu, mwenye kofia aliyoivua na kuipakata gotini. Wakaomba sala, na sala ikawa ndefu kuliko alivyopenda Pascalia, kwani katikati yake kisigino cha kulia cha Titus kilianza kupanda. Kikapanda, kikashuka. Kiatu cha kushoto kikasogea, kikakikanyaga kile cha kulia na kukibana sakafuni. Amina ikasemwa. Patroba alikuwa ameketi karibu na ndugu yake, themosi mbele yake, mkono mmoja mfukoni.

Chai ikamiminwa. Shikanga akaanza mbali, kama wafanyavyo wazee wa huko. Akaeleza walivyoamka, mvua ilivyowanyeshea, jinsi kijana wao alivyoona ua zuri katika boma hili. Pascalia hakusikia nusu ya maneno. Jikoni, Gentrix alishika kipande cha kuni bila kukitia motoni.

"Lakini sisi ni watu wa kusema ukweli," Shikanga alisema, na hapo sauti yake ikabadilika. "Njiani tumesikia maneno. Tumesikia baba wa msichana anatembeanga. Anazunguka nyumba. Kama ni uongo mtwambie, tuombe msamaha tuendelee. Kama ni kweli pia mtwambie."

"Hayo ni maneno ya majirani," Patroba aliruka. "Huyu alikuwa na malaria, ikapanda kichwa kidogo, ikapona."

"Mzee," Titus alisema.

Ilikuwa sauti ya kwanza kutoka kwake tangu sala. Patroba alimwekea mkono begani, na Titus akauondoa pole pole, kama mtu anayeondoa nyasi kwenye shati.

"Mzee Shikanga, ni kweli," alisema. "Niliugua kichwa, siyo malaria. Nilichoma miwa yangu na ya jirani. Nikapelekwa Kakamega nikapewa dawa, nikapata akili yangu. Halafu dawa ikaendelea kuongezwa mpaka ikawa nyingi kuliko ugonjwa. Hiyo dawa ndiyo ilinitembeza. Sasa inapunguzwa. Miguu bado inawasha, hata saa hii nikiongea na wewe inawasha. Lakini mtoto wangu hajawahi kuugua hata siku moja, na siwezi kumwoza kwa uongo."

Hakuna aliyegusa kikombe. Kijana wa Iguhu aliangalia meza. Mildred alikuwa amefunika uso kwa kanga ya mama yake. Pascalia alijua kwamba Titus ametoa mbele ya wakwe kile ambacho ukoo mzima umekificha, na kwamba hakuna dawa anayoweza kuandika yeye ya kukirudisha ndani.

Shikanga aligeuza kofia yake gotini, mara ya kwanza, mara ya pili. "Tumesikia," alisema. "Sisi tulichokuja nacho tumekisema. Mengine tunawaachia."

Ndipo Titus akainuka.

Pascalia akainuka naye bila kujijua, sufuria ikaanguka majivuni. Aliuona mkono wa Patroba ukitoka mfukoni na ile chupa imefichwa kiganjani, kidole gumba tayari kwenye kifuniko, na kikombe cha Titus kikiwa pale karibu, kimejaa, hakijanywewa. Alianza kukatiza ua. Alishaamua kwamba atakimwaga kile kikombe mbele ya kila mtu, liwalo na liwe.

"Wageni wetu wameongea," Titus alisema, amesimama wima. "Sisi wa nyumbani tutoke kidogo, tushauriane."

Yalikuwa maneno ya kawaida kabisa. Katika kila mazungumzo ya namna hii upande wa msichana hutoka nje kwenda kushauriana mahali pasipo na masikio, kisha hurudi na jibu moja. Anayesema watoke ni baba. Kwa miaka mingi Patroba alikuwa amesema kila kitu kwa niaba ya ndugu yake, hata watu wakasahau kwamba neno hilo si lake. Shikanga aliitikia kwa kichwa, kama aliyekuwa akilisubiri. Wazee wa Matungu wakasukuma viti nyuma wakaanza kutoka, na Patroba, chupa mkononi, hakuwa na la kufanya ila kutoka nao.

Alitangulia akikaza mwendo kuelekea kwenye miwa, mbali na nyumba, kama desturi ilivyotaka. Wengine wakamfuata. Titus alifika pembeni mwa ukuta, pale ambapo njia yake mwenyewe ilikuwa imechimbika na kufunikwa nyasi, akasimama. Pascalia alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Aliona mguu wa kulia ukitetemeka ndani ya suruali, na mkono wa Titus ukishika ukuta.

"Kaka," Titus aliita. "Rudi. Tuongee hapa hapa. Mimi nimetembea vya kutosha."

Wazee walisimama. Mmoja alicheka kidogo, akaacha. Patroba aligeuka akamtazama ndugu yake kwa muda mrefu, kuanzia viatu vya kuazima hadi usoni, na Pascalia akaona midomo yake ikicheza kama ya mtu anayetaka kulia na hajui inavyoanzwa. Akarudi. Alipompita Pascalia alimtia ile chupa mkononi bila kumwangalia, naye akaipokea, akaificha kwenye mkunjo wa sketi yake.

Wakasimama wote kando ya ukuta, miguu yao juu ya ile njia. Kila mtu alimtazama Patroba aanze, kama siku zote. Patroba alikohoa, akajifuta uso na mkono wa koti.

"Haya, Titus," alisema. "Wewe mwenyewe unasemaje?"